Hati ya Hisa Mia

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na dawa ya presha unaimeza, si kuificha chini ya godoro. Mimi mzima, ila baridi ya huku ng'ambo haina adabu.

Siku hizi nakusanya hati za hisa za mashirika ya ndege ya zamani. Zinaletwa hapa dukani tunapotengeneza fremu za picha: zina michoro ya ndege, mihuri, saini za wino. Ya shirika lenu sijawahi kuiona hata mnadani. Huku inatafutwa kama dhahabu! Ile yako ya hisa mia bado unayo? Naomba unitumie.

Kitindamimba wako

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalia kama bawaba, lakini niliposoma barua yako nilisahau kama ni langu. Inatafutwa! Kumbe shirika linafufuka. Marehemu mama yako alikwenda akiniita mjinga kwa kupokea hisa badala ya kiinua mgongo. Nilimwambia, mvumilivu hula mbivu.

Nimemsomea Spana, fundi mwenzangu wa karakana. Alilia. Kesho yake wakaja wazee watatu tuliofanya nao kazi, kila mmoja na hati zake kwenye mfuko wa nailoni. Wanauliza shirika linarudi lini. Nimewaambia binti yangu yuko huko huko, anafuatilia.

Yangu hii hapa. Ikabidhi ofisini kwao kwa mkono wako, na udai risiti.

Baba yako

30 Machi

Baba,

Shikamoo. Imefika salama. Nzuri kuliko nilivyodhani: ndege ya injini nne, pembeni nakshi za kijani. Asante sana. Hayo ya ofisini tutaongea, kazi zimenibana.

Kitindamimba wako

17 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunasukuma siku. Nilikuandikia tena mwezi uliopita, kimya. Risiti wamekupa?

Spana anakohoa vibaya na chumba chake kinavuja. Mwanawe alikuja kumchukua wakaishi pamoja, amegoma. Anasema akiitwa kazini wamkute karibu na uwanja wa ndege. Nijibu, nipate la kumwambia.

Baba yako

9 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Hakuna ofisi. Shirika lilifutwa zamani na halirudi. Watu hukusanya hati hizi kwa uzuri wake tu, kama stempu. Yako iko ukutani kwangu.

Ulipotaja ofisi nilielewa umeelewa vibaya. Nikanyamaza, kwa sababu ningekwambia usingeituma. Nisamehe, Baba. Mwambie Spana ahamie kwa mwanawe. Hati nikurudishie?

Kitindamimba wako

21 Septemba

Mwanangu,

Barua yako ilimkuta Spana hajiwezi tena kitandani. Aliiona bahasha mkononi mwangu, akauliza, "Wamesemaje?"

Nikamwambia, "Wanaanza kuita mafundi wa injini."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Nilijua! Wangeanzaje na nyinyi wa matairi?"

Tulimzika Jumatano. Mwanawe amekwisha kusikia kwa nini baba yake alikataa kuhama. Makaburini nilimpa mkono, akauangalia tu, akaenda zake.

Wale watatu sijawaambia. Kila asubuhi wanakuja barazani, wamenyoa ndevu, na mmoja ameanza kuvaa ovaroli yake ya kazi. Wananiuliza, nawajibu. Uzee huu nimejifunza uongo, na mwalimu wangu nimemzaa mwenyewe.

Hati usiirudishe. Wakiiona watauliza imekataliwa kwa nini. Ikae hapo ukutani, wageni wako waisifu.

Na usiniandikie tena. Wazee hawa wakiona bahasha wanasimama wote, na mimi sina nguvu ya kuwakalisha.

Baba yako