Mkono wa Ilunga

Jumamosi, 7 Juni
Nimewaonyesha watoto filamu tena, ukumbi wa parokia, saa nane mchana. Katuni ya zamani: familia ya panya wanakimbia kwao, wanavuka bahari, wameambiwa huko hakuna paka. Inasema Kifaransa, kwa hiyo mimi na jirani yangu Mama Ntumba tunasimama kando ya ukuta tukiwasemea panya kwa Kiswahili. Yeye ni mama panya, mimi ni wengine wote. Watoto wamecheka mpaka benchi moja limeanguka.

Mdogo wangu Ilunga alisimama mlangoni. Tangu mgodi umfukuze kazi anazunguka tu na pikipiki. Mwishoni akapiga kelele: "Bale bapanya ni Bakasai! Balikuya kukula byetu!" Watu wakacheka. Mama Ntumba hakucheka. Babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba. Yeye amezaliwa Kolwezi kama mimi.

Jumatatu, 9 Juni
Neno limeenea. Darasani ninakofundisha wamemwita binti wa Mama Ntumba panya. Nimewachapa. Haijasaidia kitu. Jioni nimekuta maandishi ya chaki kwenye mlango wao: BAPANYA BATOKE. Neno hilo limetoka kwenye filamu yangu. Naona aibu.

Jumatano, 11 Juni
Sokoni wamempiga muuza samaki mmoja, Mkasai. Wamemkanyaga mpaka meno yametoka. Nilikuwa pale nanunua mchele. Nilikimbia. Mwoga mimi.

Tata Kabeya, mume wa Mama Ntumba, seremala, anasema hahami. Vitanda vya nusu ya mtaa amevitengeneza yeye. Hata changu.

Alhamisi, 12 Juni
Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi jioni walikuja vijana kama thelathini. Mapanga, vyuma, petroli kwenye chupa. Nilikuwa kwa Mama Ntumba, tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Tata Kabeya alitoka kusema nao. Hakumaliza neno la pili. Chuma kichwani. Aliyekishika ni Ilunga. Nimemwona kwa macho yangu. Akampiga tena akiwa chini. Sauti ile sitaiandika.

Halafu akaja mlangoni.

"Yaya, toka mu mulango." Yaya ndivyo anavyoniita, dada yake mkubwa.

"Mi sitoke. Ilunga, huyu mama alikulisha!"

"Toka!"

Akanisukuma, akainua chuma juu ya Mama Ntumba. Mchi bado ulikuwa mikononi mwangu. Nimempiga nao mkono wa kulia, chini ya kiwiko, kwa nguvu zangu zote. Mfupa ukalia. Akapiga yowe kama mtoto. Nikampiga tena. Nilitaka ya tatu. Wenzake walimvuta, wakachoma karakana ya Tata Kabeya, wakaondoka wakiimba. Binti alikuwa chini ya kitanda, amejikojolea.

Ijumaa, 13 Juni
Tata Kabeya amekufa hospitalini alfajiri. Mama Ntumba hakulia. Aliniomba sabuni ya kufulia damu.

Jumatatu, 16 Juni
Jana tumemzika. Leo Mama Ntumba na binti wamepanda lori la kwenda Kamina, huko watatafuta treni ya Kasai. Hajawahi kufika Kasai. Juu ya magunia akaniuliza, "Kule nitashukia kwa nani?" Lori likaondoka.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda polisi. Nimetaja jina la Ilunga. Afisa akauliza mara mbili kama kweli ni ndugu yangu. Tumbo moja, nikamwambia. Nimetia sahihi.

Jumatano, 18 Juni
Mtaa kimya. Malori ya madini yanapita kama kawaida.

Mkono wa kulia wa Ilunga uko kwenye plasta, na mama yetu hataki ale kwa kushoto. Kaniambia nimlishe. Tumeketi uani. Nafinyanga tonge la bukari, ugali wetu, nachovya kwenye mchuzi wa samaki, namtia mdomoni. Mama anatutazama kutoka jikoni, anafurahi, anadhani tumepatana.

Polisi hawajafika.

Akaomba maji. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.