Mpwa Wako na Dawa Zilizogawanywa

Mgeta,
Morogoro.
14 Julai 2025

Mwanangu mpendwa Severin,

Marahaba baba, shikamoo yako nimeipokea pamoja na zile picha za ziwa. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Na mkeo Zawadi anaendeleaje huko Geneva, amepata unga wa ugali au bado mnashindia mikate? Sisi ni wazima. Goti langu ndilo linanisumbua, na baridi ya mwaka huu si mchezo. Asubuhi tunachuma kabichi vidole vimekufa ganzi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu ni ya ukoo mzima. Ukituma ujumbe, kabla sijavaa miwani umeshasomwa mpaka jikoni. Sista wa parokiani anashuka Morogoro mjini kesho, atanipostia.

Kwanza pokea habari ambayo ilikuwa haki yako kuipata kabla ya mtu mwingine yeyote: mdogo wako Neema amejifungua mtoto wa kiume. Tumemwita Eustace, jina la babu yako. Ana mapaja huyo, utadhani anakula viazi kwa siri! Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye usemi. Basi mjomba mwenyewe ni wewe, hata ukikaa Ulaya mpaka mvi zikutoke.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza, kabla ya huo mkutano wenu wa kazini, fedha za UKIMWI zimepungua na lazima kitu kikatwe, je, kipi kikikatwa kitatuumiza kidogo huku milimani? Nilisoma nikacheka, halafu nikanuna. Swali gani hilo, mwanangu? Lakini najua hukulitunga wewe, na najua unakaa meza moja na watu wanaotaka kukata zaidi ya hapo. Sina ugomvi na wewe. Nitakueleza yaliyompata Neema, mwenyewe ameniruhusu, na jibu utalipata humo humo.

Unafahamu kwamba Neema anaishi na virusi, na kwamba kwa miaka yote hii dawa zimemweka vizuri. Alikuwa kikundi kimoja cha dawa na Paskalia, jirani yake wa kule juu. Rashidi, mhudumu wa afya wa kijiji, ndiye aliyekuwa akishuka zahanati na kuwapandishia dawa. Asiyeonekana alikuwa akimfuata mpaka shambani.

Mwanzoni mwa mwaka fedha za wafadhili zikasimama. Tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, dawa hazikuguswa. Ni kweli, zilikuwepo zahanati, kabatini. Kilichokatwa ni posho ya Rashidi. Ana watoto, angefanyaje? Sasa yuko Dumila anauza vitunguu barabarani, na wala simlaumu.

Ikaja masika. Barabara ikakatika, malori ya mboga yakakwama. Neema ana tumbo kubwa, na njia ile unaijua, hata asiye na mimba anateremka kwa makalio. Dawa zikamwishia. Paskalia alikuwa na kopo lake, alilichukua kabla ya mvua. Basi akafanya tunachofanya sote huku jirani anapoozewa na mbegu ya maharage: akagawa. Leo anameza Neema, kesho anameza Paskalia. Mimi nikienda kumtazama namkuta mwanangu anameza, narudi nyumbani nimetulia.

Njia ilipopitika wakashuka zahanati. Damu zao zilipopimwa, virusi vya wote wawili vilikuwa vimepanda. Nesi alifoka, lakini alikuwa anafoka huku analia, mpaka nikamwonea huruma. Paskalia amesimama pale anauliza, "Sasa ningemeza peke yangu, na yeye ananitazama na tumbo lile?" Rashidi angekuwepo angewaambia siku ile ile kwamba dawa hizi hazigawanywi, na angezifuata yeye mwenyewe kwenye matope.

Kijijini wakaanza kumsema Paskalia, eti kamharibia mwenzake mtoto. Niliwafuata kisimani nikawachamba, unanijua mama yako. Mpaka leo wakiniona wanashika ndoo zao wanaondoka.

Nikahamia kwa Neema, kila siku anameza mbele ya macho yangu. Lakini tumbo lilikuwa limeshakua, na muda wa dawa kufanya kazi ulikuwa mdogo. Mtoto alipozaliwa akaanzishiwa dawa ya maji ya kumkinga, halafu wakamtoboa kisigino, damu ikapelekwa mjini kupimwa. Majibu bado, Severin. Neema hapati usingizi. Ananyonyesha huku anamkagua mtoto uso, masikio, shingo, na mimi nasali rozari nikijifanya siogopi. Naogopa sana.

Kwa hiyo kwenye mkutano wenu, wakisema dawa zimelindwa, waambie dawa haina miguu. Wasimkate anayeipandisha. Siamini kwamba ni watu wabaya, wako mbali tu, nao wana mizigo yao. Zungumza nao kwa upole. Wakikuambia mtu kama Rashidi si wa lazima, waambie una mpwa.

Msalimie sana Zawadi. Mjomba wako Raphael anakusalimu na anaomba koti la baridi. Usimpe, lile la kwanza aliliuza. Neema na Paskalia wanakusalimu. Mungu akulinde, na siku hiyo akutie maneno kinywani.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni na ninayekupenda hadi leo,
Mama yako mdogo,
Editha.

Nyongeza: Sista hakushuka, gari liliharibika, kwa hiyo nimeifungua bahasha. Leo tumeitwa zahanati, majibu yametoka. Mtoto hana. Hana, Severin! Neema alikaa chini palepale sakafuni. Paskalia ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza, akamchukua Eustace akacheza naye uani mpaka wagonjwa wakatoka kutazama. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo akatuambia kwamba na yeye alipewa majibu yake asubuhi ile, kabla yetu. Virusi vyake havijashuka, na dawa ile inaonekana imegoma mwilini mwake. Anatakiwa hospitali ya mkoa, akabadilishiwe dawa.