Walitaka Kuutoa Ukurasa wa Danilo

Alby, Stockholm, Jumapili, Novemba 1987

Mvua imechanganyika na theluji tangu asubuhi. Nina hasira.

Mchana nilimsindikiza Luz, Mfilipino ninayefanya naye kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee. Wafilipino wa mtaani kwetu hukutana kila Jumapili kujisomea. Wanakusanya kumbukumbu za miaka ya sheria ya kijeshi, chini ya yule rais wao aliyekimbia mwaka jana. Wanataka kuchapisha kijitabu kwa Kiswidi, maana watoto wao hawasomi tena lugha ya nyumbani.

Luz ameandika ukurasa mmoja. Ni wa kaka yake Danilo, mwalimu, aliyechukuliwa na askari akiwa anasahihisha madaftari. Hakurudi. Hata maiti haikuonekana.

Basi Bwana Ramon, kiongozi wao, mtu mpole wa suti safi, akasema kurasa za magereza na za waliopotea ziondolewe.

"Tuandike zile siku za kumng'oa rais, watu walipojaa barabarani na vifaru vikasimama. Mnataka watoto waionee aibu nchi yao? Na tuseme kweli, miaka ile angalau kulikuwa na utulivu."

Utulivu!

Neno hilo nimelisikia kwa Waganda wenzangu pia, hapa hapa Stockholm, tukinywa chai. Wakati wa yule jenerali aliyetutawala, angalau... Nilitamani kuipindua meza. Na Wafilipino wengine wakamwitikia Ramon kwa vichwa!

Luz hakubishana. Alisimama akaanza kuusoma ukurasa wake.

"Inatosha, dada," Ramon akamwambia.

"Bado mistari minne."

Akaisoma yote minne. Kisha mama mmoja mzee aliyekaa karibu na mlango akasema, "Niandikieni na wa mwanangu. Mimi sijui kuandika."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kurasa zimebaki.

Nilipaswa kufurahi. Lakini nikitembea kurudi nyumbani, hasira ikanigeukia mimi mwenyewe.

Miaka kumi namwambia binti yangu Sanyu kwamba baba yake alikufa kwa malaria. Malaria! Walimtoa ofisini Kampala mchana kweupe, wakamtia kwenye buti la gari, watu wakitazama.

Nilipofika nilizima televisheni, nikamweleza yote bila kuvua koti. Alisikiliza bila kulia. Halafu akaniuliza kwa Kiswidi, lugha anayoikimbilia akiumia:

"Mama, alikuwa anafanya kazi gani?"

Karani wa mahakama, nikamjibu. Alipiga mluzi akinyoa ndevu. Hakupenda vitunguu. Nilizungumza mpaka wali aliouinjika Sanyu ukaungua.

Ana miaka kumi na tano, na hata kazi ya baba yake hakuijua. Wale askari walimuua mume wangu. Lakini mluzi wake, ni nani aliyemficha mtoto asiujue, kama si mimi?