Plasta Niliyoibandua

Kwako kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na goti lako limeacha kukusumbua. Mama ni mzima. Anakula vizuri na kutugombeza vizuri zaidi.

Ramani ya ghorofa uliyonitumia nimeipata. Mama aliigeuza mara mbili akiuliza yeye atakaa wapi humo. Nilikuwa nianze kubomoa nyumba yetu Jumatatu kama ulivyoagiza, lakini limezuka jambo.

Halmashauri imemtuma afisa wa majengo ya kale kuukagua mtaa wetu. Alisema nyumba zote kumi na moja zinaweza kulindwa, mradi kuta za asili ziwepo, na yetu ya kona isiondoke. Majirani wote wakanigeukia. Mshona viatu, ambaye alikuwa hanisalimii tangu nimzibie mfereji, siku hiyo alinisalimia mara tatu.

Basi nikaanza kubandua plasta ya saruji kwenye ukuta wa mbele. Unakumbuka niliipaka mwenyewe nilipotoka tu kujifunza kazi, nikijiona fundi wa mafundi, na tangu hapo ukuta ukawa unatoka jasho kila mvua ikinyesha. Saruji ilitoka na rangi za miaka yote. Chini yake chokaa ya Baba ilikuwa nzima, na katikati mtu alichora kwa msumari ilipokuwa mbichi: “Hapa kwetu. Atakayebomoa atakiona.”

Mama aliutambua mwandiko wako papo hapo. Alisema ulikuwa na miaka minane, Baba akakuchapa, kisha akakataa kuyafuta maandishi hayo. Nilicheka hadi nikashuka kwenye ngazi, halafu nikaona machozi yananitoka.

Sasa kaka, nikuungamie. Fomu ya kuilinda nyumba inataka ridhaa ya sisi wawili, maana nyumba ni yetu sote. Nimetia sahihi yangu bila kukuuliza. Afisa alipouliza kuhusu wewe, nilimwambia umesharidhia zamani, tena kwa maandishi, nikamwonyesha ukuta. Alicheka sana, ila bado anataka sahihi ya karatasi, nami nimeifunga fomu humu ndani ya bahasha.

Ukikataa nitabomoa, kwani wewe ndiye mkubwa. Lakini itabidi uje upige nyundo ya kwanza mwenyewe, hapo hapo kwenye maandishi. Mama amesema atatoa kiti chake nje, akae atazame.

Shemeji na watoto wape salamu zangu tele. Kalamu ya kutilia sahihi nimeiweka pia, usije ukasingizia huna.

Mdogo wako akupendaye,
Kibonge