Mtutu wa Inchi Ishirini na Tano

Ijumaa, 2 Mei

Nimerejea kutoka msikitini, nikafungua kabati la chuma na kuzifuta bunduki zangu tatu kwa kitambaa laini, kama nifanyavyo kila Ijumaa. Zote ni za marisawa, zile risasi ndogondogo za kuwindia ndege, zote za mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, zote kongwe kuliko mimi. Mitutu ya inchi ishirini na saba. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Bunduki za kawaida huwa na ishirini na nane au thelathini, nazo sizitaki. Urefu usio wa kawaida una mtu nyuma yake: mwenyewe alikuwa mfupi wa mkono, au aliwinda bata walio mbali majini, akamwomba fundi amtengenezee yake peke yake. Fundi amekufa, mwenyewe amekufa, kipimo kimebaki.

Ninayoikosa ni ya inchi ishirini na tano. Nimeitafuta tangu nilipotoka Tanga kuhamia huku kusini, hapa Berea, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi. Subira.

Baridi imeanza. Magoti yananiuma katika kusujudu.

Jumanne, 6 Mei

Mzee Kasongo amepiga simu. Ni Mkongomani wa Lubumbashi, mzee wa kanisa, mwenye malori huko Midrand, na rafiki yangu katika chama chetu cha wakusanyaji wa bunduki za kale. Alikuwa akipaza sauti kama mtu aliyepata mjukuu.

"Mwalimu, kaa kwanza chini. Nimepata mutoto ya inchi makumi mbili na tano!"

Nikamwambia Mungu ambariki. Akacheka.

"Sauti yako iko kama ya mutu anakunywa dawa. Usilie, Mwalimu. Nitakuachia uishike. Kidogo tu."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Alipoingia chamani hakuweza kutofautisha mtutu na bomba la maji. Hakuitafuta hii bunduki. Alikwenda kwenye duka moja la bunduki huko Midrand kununua kufuli, muuzaji akamwonyesha.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe ili nisijidanganye.

Jumatano, 7 Mei

Kwa nini yeye?

Jumamosi, 10 Mei

Chuoni leo. Watoto hawa wamezaliwa hapa. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kizulu, na Qurani wanaisoma vizuri kuliko mimi katika umri wao. Somo lilikuwa husuda. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa na sheikh wangu kule Tanga: kutamani upate mfano wa alichonacho mwenzako, bila kutaka kimtoke, hiyo ni ghibta, nayo haina dhambi. Kutaka kimtoke, hata kama wewe hutakipata, hiyo ndiyo husuda, nayo hula mema ya mtu kama moto ulavyo kuni.

Nilifundisha vizuri. Nilipokuwa nikifundisha nilikuwa nikiiona bunduki ya Kasongo.

Jioni katibu wa chama akanipigia simu. Bunduki haiwezi kutoka dukani mpaka polisi watoe leseni; polisi wanataka barua ya chama; chama hakiandiki barua mpaka mpimaji athibitishe kwamba mitutu ni ya urefu wake wa asili, haikukatwa. Wengi huikata mirefu ili waiuze kwa jina la nadra. Mpimaji wa chama ni mimi. Katibu aliona haya kidogo, kwa kuwa mimi na Kasongo ni marafiki, akapendekeza mtu mwingine. Kasongo ndiye aliyekataa. Alisema hataki macho mengine isipokuwa yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda Midrand. Muuzaji akaiweka juu ya meza na kuondoka.

Ni nzuri. Niseme nini zaidi? Mbao ya mjozi iliyokoza kama kahawa. Michoro ya kware wawili ubavuni, imesuguliwa na viganja vya watu nisiowajua mpaka karibu inafutika. Nilipoiweka begani ilikaa kana kwamba fundi alinipima mimi. Nikaiteremsha haraka.

Nikaingiza ufito wa shaba kutoka mdomoni hadi kwenye kitako cha mtutu. Ishirini na tano kamili.

Kisha nikatazama mdomo. Mitutu miwili ya asili hukaribiana kadiri inavyokwenda mbele, na mara nyingi mwishoni hugusana. Ikikatwa, inabaki imeachana, na nafasi ile huzibwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Hapa palikuwa na nafasi. Nyembamba kama ukucha, imezibwa.

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Sijapata kufurahi hivyo tangu Idi.

Nikaandika: imekatwa. Nikatia sahihi. Nikafika nyumbani kabla ya Magharibi na kula kwa hamu.

Jumatano, 14 Mei

Kasongo amekuja mpaka Berea, akapanda ngazi zote kwa kuwa lifti imekufa. Nilijiandaa kwa ubishi. Hakubisha.

"Kama ni wewe njo umesema, basi, biishe," akasema, yaani yaishe. Akanywa chai yangu. Akaniambia muuzaji hawezi kuiuza tena kwa bei ya kitu cha nadra, hataki kukaa nayo, na wiki ijayo ataikabidhi polisi pamoja na nyingine za kusagwa. "Jumatatu. Kwa mashine. Mutoto muzuri vile."

Aliinama kutazama viatu vyake. Nilimmiminia chai nyingine.

Itasagwa. Hataipata yeye, sitaipata mimi. Nimejipima, nimekuta kwamba naridhika.

Ijumaa, 16 Mei

Sikusikia hotuba. Nilisikia sauti tu.

Jambo moja haliniachi. Pana vipimo vitatu: urefu, nafasi ya mdomoni, na upana wa ndani. Mimi mwenyewe niliwafundisha hivyo wanachama wote. Mtutu wa kale hubanwa kidogo karibu na mdomo ili marisawa yasitawanyike mapema. Mbano huo uko mwishoni kabisa. Mtutu ukikatwa, mbano huondoka pamoja na kipande kilichokatwa. Kipimo cha ndani kilikuwa mfukoni mwangu Jumatatu. Sikukitoa. Nilipima mpaka nilipopata nilichokitaka, kisha nikaacha.

Sikusema uongo. Niliikatiza kweli katikati. Sijui kama kwa Mwenyezi Mungu kuna tofauti. Nadhani najua.

Jumamosi, 17 Mei

Nimewaomba radhi wazazi, nimefunga chuo, nimekwenda Midrand. Teksi mbili. Kwenye kila roboti, kama waitavyo hapa taa za barabarani, nilitamani isiwake kijani.

Muuzaji alikuwa amekwisha kuifunga kwa kamba pamoja na bastola zenye kutu. Akaifungua kwa kununa.

Kipimo kikapita vizuri ndani ya mtutu wa kulia, kikakwama karibu na mdomo. Nikajaribu wa kushoto. Kikakwama mapema zaidi. Mbano upo katika yote miwili, laini, wa fundi aliyejua kazi yake. Ile risasi ya mdomoni ni ya kiwandani, imewekwa siku ilipozaliwa. Haikukatwa. Kuna mtu aliitaka hivi.

Nilimwambia muuzaji asiiguse. Nikampigia katibu palepale dukani na kuufuta ushahidi wangu. Katibu akauliza nilikosea vipi. Nikamwambia nitaeleza mbele ya wote.

Jumapili, 18 Mei

Nimemngoja Kasongo nje ya kanisa lake. Akatoka na suti ya buluu na wajukuu wawili. Nikamweleza habari ya mbano. Akanikumbatia mbele ya watu, akanipigapiga mgongoni.

"Macho yako inazeeka, Mwalimu! Tutakununulia miwani, hata mbili, moja ya kusoma, moja ya bunduki."

Ilikuwa rahisi kucheka. Mlango ulikuwa wazi, nami ningetoka humo na heshima yangu.

"Si macho, Mzee Kasongo," nikasema. "Nilitaka iwe imekatwa."

Akawatuma wajukuu kwa bibi yao.

"Hata wewe usiipate?"

"Hata mimi nisiipate."

"Eish," akasema. Watu wakatupita na Biblia zao. "Mimi nilikuwa naomba Mungu akupatie ya kwako. Kila Jumapili. Uliza bibi yangu."

Akaondoka.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeeleza mbele ya wanachama. Wamenivua upimaji. Hakuna aliyenitukana, walikuwa wapole, na upole wao ulikuwa mzito. Barua ya Kasongo imeandikwa. Yeye hakuhudhuria.

Ijumaa, 27 Juni

Kasongo hapigi simu. Nimemwombea kwa jina lake baada ya kila sala, apewe leseni, aishi na bunduki yake kwa raha. Ulimi unasema. Moyo unaburuzwa nyuma kama mbuzi wa kuchinjwa.

Bado naitaka. Lazima niandike na hili.

Ijumaa, 12 Septemba

Joto limerudi. Baada ya Alasiri simu ililia. Kasongo.

Leseni imetoka. Bunduki iko kwake. Hakuuliza hali, wala mimi sikumuuliza. Alisema amenunua kabati, na sasa hajui aisimamishe namna gani. Wengine wamemwambia mdomo juu, kama inavyosimamishwa bunduki yoyote.

Mdomo ukiwa juu, mafuta huteremka taratibu, mwaka baada ya mwaka, yakaingia kwenye mbao pale inapoungana na chuma. Mbao hulainika, ikawa nyeusi, ikapasuka. Asingelijua kwa muda mrefu. Huenda asingelijua kamwe. Ningeweza kusema sijui, naye angeamini, kwa kuwa mimi si mpimaji tena.

Nikafungua kabati langu, simu ikiwa sikioni; zangu tatu zimesimama mdomo chini. Alisikia mlango wa chuma ukilia. Hakukata simu.

"Mdomo chini," nikamwambia. "Na chini yake weka kipande cha sufu, kinyonye mafuta."

"Sufu," akasema, polepole, kama mtu anayeandika.

Kisha akauliza sufu ya aina gani.