Jina la Lukio kwenye Jiwe la Mama

Mtaa wa Madobi,
Ng'ambo ya Mto Tiberi,
Roma.
Siku ya kwanza ya sikukuu ya wafu, Februari.

Mpendwa kaka Diokle,

Pokea salamu zetu sote. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii, au huko Karthago hamuijui? Mimi mzima, ila miguu imechubuka kwa kukanyaga nguo za watu kwenye mkojo wa kufulia. Mume wangu Antho anasema mimi sihitaji kubisha hodi, harufu inanitangulia.

Habari za msiba wa mama najua zilikufikia. Sasa nikueleze ya jiwe lake, na sijui nianzie wapi.

Siku zake za mwisho aliomba kitu kimoja tu, majina yetu mawili yaandikwe chini ya lake. Bado alikuwa akituita Kifaranga na Shomoro, watu wazima sisi. Alisema tuliishi pamoja miaka michache mno, basi angalau kwenye jiwe tukae watatu. Nikamwahidi. Sikupaswa kuahidi nisichokiweza.

Leo asubuhi nimekwenda alikozikwa mama na mkate niliolowesha kwenye divai, na maua kidogo. Nikakuta jiwe limeshabandikwa ukutani, na sisi hatumo.

Nikamfuata Eroti, msimamizi wa ile nyumba ya makaburi. Unamkumbuka, alikuwa mtumwa pamoja na mama, wakila maharage chungu kimoja. Akaniambia, "Dada, usinitie matatani. Ukuta huu ni wa akina Kosutio. Mama yako Kosutia, sawa. Wewe Ankaria, kaka yako Numisio. Ndugu gani hao, kila mmoja na ukoo wake?"

Nikamwambia tumbo ni moja.

"Tumbo haliandikwi, dada. Linaandikwa jina la aliyekuacha huru."

Nikamwendea bibi yangu wa zamani, yule aliyenipa uhuru na hilo jina lake, anisemee. Hata macho hakuyainua kwenye sufu aliyokuwa akisokota. Alisema mambo ya nyumba za watu hayaingilii. Mnyonge hana haki, kaka. Nililia njia nzima, na kapu la nguo kichwani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Eroti hakusema uongo. Nikifa, mimi nitawekwa kwa akina Ankario, barabara nyingine kabisa. Wewe utazikwa huko huko. Nimewaza mpaka nimechoka na sioni njia.

Usifunge safari kwa hasira, nakusihi. Utapigwa na bahari bure, na jiwe utalikuta vile vile.

Msalimie sana wifi Trofime. Mbusu mdogo Karito, mwambie shangazi yake anamfumia soksi. Antho anakusalimu. Mizimu ya nyumba yako ikulinde, na jiko lako lisizimike.

Nilitaka nikufiche, lakini una haki ya kujua jiwe linasema nini. Linasema: Kosutia Mirine, aliyeachwa huru na Lukio. Pale wengine wanapoandikiwa baba zao, mama kaandikiwa Lukio, bwana wake, yule yule aliyetupeleka sokoni asubuhi moja, wewe una miaka saba na mimi mitano. Aliyetuuza ameandikwa, kaka. Tuliouzwa hatumo.

Wako akupendaye, kwa jina alilonipa mama,

Shomoro