Kiti Changu kwenye Gusaba ya Kirezi

Jumamosi, 30 Agosti 2025

Umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, umeisha saa tano. Tumefyeka mtaro wote, kuanzia msikitini mpaka kwa muuza mkaa. Médiatrice, fundi wa duka la jirani, alikuwa mbele yangu na jembe lake. Mteja mmoja akamfuata mtaroni kumuuliza gauni lake limefikia wapi. Médiatrice hata hakuinua kichwa. "Mimi hapa niko jirani tu. Fundi iko dukani. Kuja lundi saa mbili, utamukuta." Yule mteja akacheka, akaenda zake kungoja Jumatatu.

Akacheka! Mimi kwenye mtaro huohuo nimepokea simu nne za wateja wangu wa mishanana, vazi letu la sherehe la kufungwa begani, mikono imejaa matope.

Jumanne, 2 Septemba

Leo nimemchunguza Médiatrice kama mwanafunzi. Saa kumi na mbili jioni anavua futi shingoni, anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Simu ya kazi anaifungia kwenye droo. Halafu anatoka akiimba, mtu mwingine kabisa. Ubao wake umeandikwa "Fundi wa nguo", basi. Nikamuuliza kwa nini hakuweka jina lake. "Nikiandika jina yangu pale juu, mtu akikataa nguo atakuwa amenikataa mimi." Amesema hivyo huku akifunga kufuli, kama mtu anayezungumzia mvua.

Nikatazama ubao wangu. UWERA MISHANANA, na picha yangu, meno yote nje. Chini yake namba ya simu, ileile anayonipigia mama. Mwezi wa sita mama mmoja wa Kiyovu alirudisha mushanana, eti rangi si yenyewe. Nililia siku mbili. Kitambaa tu, jamani.

Alhamisi, 4 Septemba

Mama amepiga. Gusaba ya mdogo wangu Kirezi ni tarehe 13, nyumbani Niboye. Familia ya mchumba wake, Ngabo, wanakuja kumposa. Mama amepanga kila kitu: mimi nitawavalisha wanawake wetu wote, ishirini na wawili, kwa sababu mushanana niliyoifunga mimi haianguki. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Mjinga mimi.

Nimefungua albamu ya siku tulipokwenda kumposea kaka Gatera. Picha mia na kitu. Nipo mara moja tu: mkono wangu kwenye bega la Shangazi Mukasine, na pini. Siku nzima nilikuwa nyuma ya hema nimepiga magoti. Sikusikia hata neno moja walilosema wazee.

Sitaki tena. Kirezi ni mdogo wangu wa pekee.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemweleza Médiatrice. Hakunionea huruma, na hilo ndilo ninalolipenda kwake. Ameuliza tu: "Kirezi iko na dada wangapi?" Mmoja. "Na Kigali hii iko na watu wangapi wa kufunga mushanana?" Akarudi kwenye cherehani.

Nimempigia mama. Nitavalisha dukani kwangu, saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Baada ya hapo nitakaa na familia. Mama akaguna. Halafu: "Sasa umekuwa mkubwa kwetu?"

Imeniuma sana. Lakini sikubadilisha.

Ijumaa, 12 Septemba

Ujumbe wa Kirezi: dada, kiti chako kipo mstari wa mbele karibu na kaka, nimekibandika jina kabisa. Nimeusoma mara tano.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa tatu na dakika kumi. Wanawake ishirini na mmoja wamevaa na kuondoka. Hajafika Shangazi Mukasine tu. Ametuma neno kwamba atavalia hukohuko, Uwera si atakuwepo?

Médiatrice alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kiganja wazi. "Pini." Nikampa kopo zima. Na futi. Na simu. Ameviingiza kwenye droo yake, akafunga. Kisha akanigeuza taratibu, akanifunga mushanana yangu yeye mwenyewe. Miaka saba nafunga watu, leo ndiyo mara ya kwanza nafungwa. "Enda ukakae." Mwanamke yule! Laiti ningekuwa na nusu ya msimamo wake.

Saa sita, Niboye. Naandika nikiwa kitini, daftari magotini. Upande wa pili wamechelewa, wazee wetu wanawatania kwenye kipaza sauti. Nasikia kila neno. Kaka Gatera anacheka mpaka machozi. Sikujua kwamba sherehe zetu zinachekesha hivi.

Sasa wanaingia. Ngabo amevaa vizuri.

Shangazi Mukasine yuko mlangoni mwa hema. Mushanana amejifunga mwenyewe, inateleza begani, ameishika kwa mkono mmoja. Anatafuta kichwa changu kati ya vichwa. Ameniona. Ananiashiria kule nyuma ya hema.

Mama naye ameniona. Ananitazama tu, swali lake la kwenye simu liko machoni.

Nimepapasa mkoba. Leso, funguo, peremende. Pini niliyonayo ni moja, hii iliyoshika mushanana yangu begani.

Mpiga picha anatuambia tusogeleane. Nimesogea kwa kaka. Shangazi bado anaashiria, na mimi bado nimekaa.